Mlango wa Kulia

Boksi limechorwa vita: moshi, bendera, askari
wanaoruka kutoka nyuma ya lori la Kirusi.
Sihitaji askari. Nimewatia kwenye bahasha,
nikampa mjukuu wa jirani.
Ninalolitaka ni lori lilelile baada ya vita,
lililonunuliwa mnadani Kajaani na Taavetti Karppinen,
baba yangu, kwa bei ya ng'ombe mmoja na nusu,
likabebe maziwa.

Miaka thelathini na minane nilitengeneza meno ya bandia.
Mikono inajua: kata pungufu, sugua zaidi,
ngoja gundi ishike kabla ya kujisifu.
Kwa patasi ya meno nimekwangua nyota mlangoni,
nimeng'oa ndoano za bunduki, nimeziba matundu.
Bodi nimeijenga upya kwa vijiti vya aiskrimu,
na mikebe kumi na minne ya maziwa
nimeikereza kutoka sindano nene ya kufumia.

Halafu pipa.
Petroli ilikuwa hadithi; lori lilikula kuni.
Nyuma ya kebini lilisimama pipa refu,
kama mgeni asiyeambiwa akae,
na humo vipande vya koivu, mti wa gome jeupe,
viliungua polepole, vikatoa gesi, gesi ikasukuma injini,
na dereva akarudi nyumbani ananuka kama samaki wa kukaushwa.
Pipa langu ni mrija wa vidonge vya vitamini.
Kutu yake ni kutu kweli, ya msumari wa ghala letu,
niliyoisaga nikaikoroga na chai.
Kuni nimezikata kwa wembe, punje kama uwele,
kutoka kitawi cha koivu halisi.

Picha ninayo moja tu, ya upande wa kushoto.
Baba kaegemea tairi, kofia imerudi kisogoni.
Upande wa kulia sina ushahidi.
Nikafanya wafanyavyo wote: nikanakili wa kushoto
nikaugeuza, kama kwenye kioo.
Siku kumi na moja kwa mlango mmoja!
Mishipa ya mbao, kitasa cha waya,
hata mkwaruzo niliubuni.

Nikampigia shangazi Lempi, miaka tisini na tano,
kujigamba zaidi kuliko kuuliza.
"Mlango wa kulia?" akasema. "Haukuwepo.
Februari ile, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
kuni ziliwaishia katikati ya msitu,
mama yako anauma glavu,
na wewe umekataa kungoja.
Baba yako akashuka na shoka.
Akaanza na mbao za bodi. Hazikutosha.
Akashika mlango wake mwenyewe. Mama yako akamwambia:
Choma wangu. Wewe unahitaji vidole."

Lisilo budi hutendwa,
na hutendwa kwa kilicho karibu.

Usiku huo nilichukua kibano.
Gundi ilikuwa imeshika vizuri mno;
mlango ukatoka na kipande cha nguzo.
Mvunjiko nimeuacha ulivyo.
Nimebakiza bawaba mbili zisizoshika kitu,
gunia juu ya kiti, na theluji kidogo
ya hamira ya unga, imeingia mpaka miguuni.

Kwenye maonyesho Tampere, hakimu kijana
mwenye lenzi jichoni aliandika:
"Kazi safi. Mlango wa kulia umesahauliwa. Pungufu: nne."
Sikumsahihisha. Nilinunua kahawa
nikakaa upande huo wa meza, palipokuwa na upepo.

Mlango wenyewe uko kwenye kiberiti, juu ya jiko.
Mara mbili nimewasha njiti nikauangalia.
Nikaizima.
Plastiki ikiungua hutoa moshi mweusi tu;
haimpashi mtu joto,
haimfikishi mtu popote.