Kidole cha Mtu wa Dhamana

Alikuja Jumanne, viatu vyeupe,
akaivuka gereji yetu ya Ndosho kama avukaye tope,
ingawa hapa hatuna tope, tuna lava,
lava iliyosagwa na magurudumu mpaka ikawa unga,
unga mweusi unaolia kwenye meno
ukila ugali mlango wazi.

Hakuuliza lori limetoka wapi na mbao za nani.
Alilegeza kibano cha bomba,
lile lililo kati ya chujio na turbo,
akaingiza kidole kimoja,
akakitoa,
akatuonyesha.

Kavugho, mwenye lori, alikitazama
kama atazamaye karatasi ya maabara.
Kilomita elfu sitini na moja.
Dhamana ilikuwa ya laki mbili,
na likelemba bado inamdai miezi saba.

Chujio lile nililifunga mimi.
Boksi lilikuwa na jina, na jina lilikuwa na herufi zote.
Mikunjo ya karatasi niliihesabu baadaye, injini ikiwa mezani,
kama mtu anayehesabu mbavu za ng'ombe aliyekwisha kufa:
mia na arobaini.
Ukingo wa mpira ulikuwa mgumu kama kandambili ya zamani,
umeacha upenyo, unene wa ukucha.

La asili lilikuwa dola sitini na tano. Hili, ishirini.
Bisimwa, dereva, alisema: pumzi ni pumzi.
Kavugho akasema: mashine haina ulimi, itaonjaje?
Nami ninayejua
nilikuwa na spana mkononi na njaa ya saa nane.
Nikanyamaza.

Vumbi la Nyiragongo si vumbi la shamba.
Hili lilikuwa moto. Lina kioo ndani yake.
Likivutwa na hewa hukaa kati ya pete na ukuta wa silinda,
na pistoni, isiyojua lolote, husaga,
hupanda ikisaga, hushuka ikisaga,
haba na haba,
mpaka kibaba kikajaa, na kibaba chenyewe ni injini.
Pete zikalegea
kama pete ya ndoa kwenye kidole cha mgonjwa.

Kule mlima wa Kanyabayonga moshi uligeuka wa buluu.
Bisimwa akawa anaongeza oili, lita kwa kila safari,
kama anayemnunulia mlevi ile «moja tu, ya mwisho».
Hakutuambia. Alidhani litapona.

Mtu wa dhamana hakuwa mkatili.
Alipangusa kidole kwa kitambaa,
akakikunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika tarehe.
«Chujio la kampuni nyingine si kosa,» alisema.
«Bomba hili lingekuwa safi, ningetia sahihi
hata kama chujio limeshonwa na mama yako.
Kosa ni hili.» Akautikisa mfuko.
Ulikuwa mwepesi. Haukutoa sauti.

Alipoondoka, Kavugho hakulia, hakunitukana.
Aliniuliza: «Na wewe, kifua chako?»
Maana miaka kumi na moja nimekuwa nikipuliza machujio kwa kompresa,
wingu likinirudia usoni,
na jioni nikipenga, beseni linakuwa na rangi ya barabara.
Nikamwambia, mimi sikuja na dhamana.
Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Sasa ninafunga kitambaa puani. Sipulizi tena karatasi:
hewa ya kompresa huitoboa matundu usiyoyaona.
Kavugho aliuza mabati aliyoyaweka kwa ajili ya jiko,
tukatengeneza silinda upya, pete mpya, turbo ya mkononi.
Juzi alileta boksi.
Sikulifunga.
Nililitoa chujio juani, nikaanza kuhesabu mikunjo, kwa sauti,
Kavugho akifuata kwa kidole chake mwenyewe,
Bisimwa naye akahesabu, kwa Kifaransa, akatupoteza kwenye themanini,
tukaanza upya.
Watoto wa jirani walisimama uani wakidhani ni shule.
Mia mbili na tisa, mia mbili na kumi,
wakaitikia nao,
vumbi likipita juu yetu sote.