Pasipo Sababu

Dakika nne tu,
na miaka kumi na moja ya Verna Kowalczyk
ikakunjwa kama risiti.
"Sababu?"
"Sheria hainidai sababu,"
akasema kijana wa ofisi, akivitazama viatu vyake.

Theluji ya Toledo. Boksi kwapani:
kikombe, sweta ya zamu ya usiku,
dungusi ndani ya kopo.

Februari aliomba. Machi aliomba.
Aprili akaliuza gitaa la marehemu Stan,
asimwambie mnunuzi lilivyokuwa likilia.

Mei, kiwanda cha madirisha kikamwita.
Mkataba, ukurasa wa tatu, maneno yale yale:
wakati wowote, kwa sababu yoyote,
au pasipo sababu.

Akatia sahihi.

Meza mpya inapigwa na jua kutwa.
Dungusi kaliacha nyumbani.