Ngazi ya Watu Arobaini na Mmoja

Saratani za kawaida zina mchoro laini:
watu elfu kumi, mstari unateleza
kama mtoto kwenye kilima cha theluji,
huoni nani alishukia wapi.
Yetu ni ya nadra. Kwa miaka kumi na tisa
hospitali zote za mashariki ya Ufini
zimeniletea mapafu ya watu arobaini na mmoja.
Kwa hiyo mstari wangu ni ngazi,
na kila kipandio kina mwenyewe.

Mwezi wa nne ni mama wa Iisalmi
aliyewaletea wauguzi mkate wenye samaki ndani.
Mwezi wa tisa ngazi inaporomoka: wawili, wiki moja,
hawakujuana.
Sitakiwi kuwajua hata mimi. Ninapewa namba,
umri, jinsia, asilimia.
Lakini Kuopio si mji mkubwa,
na magazeti huchapisha tanzia.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata yetu ni sindano. Inapenya kati ya mbavu,
inatoka na kipande chembamba kama tambi.
Kerttu anakilaza kwenye nta, anakikata
mpaka mwanga upite, anakitia rangi;
seli zinazojigawa zinageuka kahawia.
Kisha anazihesabu, elfu mbili, kwa kidole gumba,
kwa kihesabio cha chuma cha baba yake
aliyehesabu magogo yakielea mtoni.
Tik. Tik. Kahawa inapoa.
"Sita kwa mia," ananiandikia. "Au saba. Weka sita."

Naweka sita.

Swali lenyewe ni hili: je, rangi hiyo,
pamoja na uwiano wa chembe nyeupe za damu,
inaweza kutuambia nani ataiona miaka mitano?
Jibu langu, ukurasa wa kumi na mbili: huenda.
Kadirio lina lango pana kiasi
kwamba trekta lingepita na tela lake
bila kugusa nguzo.

Yuko namba kumi na saba.
Mtengeneza akodiani, thelathini na nane kwa mia.
Kwa kanuni zetu zote, majira mawili ya baridi,
labda na nusu.
Mwezi wa kumi na nne akaacha kuja.
Barua zikarudi na bahasha zake.
Mtu kama huyo hatumhesabu kafa,
hatumhesabu yu hai:
tunachora kijistari cha wima juu ya mstari,
kama alama ya ukucha kwenye siagi,
kisha tunaendelea bila yeye.

Alhamisi iliyopita Tyyne wa mapokezi
akapokea simu. Mzee, sauti ya kukwaruza,
mkali. Alitaka kofia yake.
Ya ngozi ya mbweha. Aliisahau
kwenye viti vya ghorofa ya tatu, Februari,
miaka saba iliyopita,
na sasa baridi imezidi huko Inari kwa dada yake.
Tyyne akamwomba jina. Akamwomba alirudie.
"Rissanen," akafoka. "Ilpo. Mnazo kofia ngapi?"

Nimechora upya.
Kijistari kimesogea kulia, mbali,
mpaka pale ambapo mchoro ulikuwa karatasi tupu,
na ule ushahidi wetu uliokuwa umeanza kukaza
umelegea kama kamba iliyoloa.
Makala haiendi popote mwaka huu.
Kerttu hakusema neno. Alitoa slaidi ya kumi na saba
akahesabu tena, mara mbili, taa ya meza ikimulika mkono.
Thelathini na nane.
Thelathini na nane.
Hakuwa amekosea, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Mimi nililala. Sijui kama ni vyema kulisema.

Jana Tyyne alishuka ghala ya chini,
kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa.
Akapanda na kofia tatu, zote za mbweha,
akazipanga juu ya kaunta
akakung'uta vumbi.
Moja ataipeleka posta, akishajua ni ipi.
Hizo nyingine mbili
sikuuliza ziliachwa mwaka gani.