Kumi na Sita kwa Kumi na Sita

Februari, Jülich. Theluji ya majimaji
juu ya mashamba ya bitiruti yaliyokwisha vunwa.
Wiebke Harmsen, soksi mbili mbili miguuni,
anatazama chuma ambacho hakipo:
vyumba mia mbili hamsini na sita,
kila kimoja wapangaji wawili, basi.

Chuma halisi hakihesabiki.
Kipande cha upana wa ukucha kina chembe nyingi
kuliko sekunde tangu jua liwake.

Kingo amezishona, mashariki kwa magharibi.
Elektroni itokayo mlango wa nyuma
huzunguka, hupiga hodi mbele,
na anayeitikia karibu ni yeye mwenyewe.

Kwenye joto hilo halina neno.
Lakini Wiebke anashuka, nyuzi kwa nyuzi,
hadi pale sumaku isipojua izaliwe au ife,
pale kila chembe hutaka habari za kila chembe,
na mnong'ono unarefuka, unarefuka,
unapita upana wa sanduku, unajikanyaga mkia.
Mchoro umepinda vizuri.
Vizuri mno.
Ni chuma kinachosema, au ni kuta?

Jioni Anselm, akimenya chungwa juu ya kibodi:
"Si uongeze upana mara mbili?"
Mara mbili upana, mara nne vyumba,
mara sitini na nne kazi.
Ruzuku inakwisha Mei.

Basi hila: anapenyeza uzi mmoja wa sumaku,
mwembamba kuliko wote unaoruhusiwa,
ngazi zilizorundikana zitawanyike
na sanduku dogo lijione pana.
Uongo wa kufuta uongo. Dawa ya moto ni moto.

Nami niliyefunzwa kuhesabu silabi kwa vidole,
nane huku, nane kule, kumi na sita mshororo,
namwelewa. Mara ngapi nimedhani ni huzuni yangu
kumbe ni kina tu kilichokuwa kikidai kitimizwe.

Nane. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nne.
Anabandika rula ya mpwa wake, yenye dubu,
kwenye kioo, aione njia ya kwenda
kule kusikokuwa na ukuta, kusikofika mtu.
Nukta nne zimetii.
Ya kumi na sita imekaa kando kidogo,
kama mgeni asiyetaka kuvua koti.

Haifuti.
Anaandika: kumi na nane. Anabonyeza.
Foleni inajibu: Jumapili, labda.
Treni ya mwisho ya Düren imeshapita;
anatafuta viatu vyake chini ya meza.