Kilo Kumi na Saba na Robo

Ilishushwa Kibuye Jumanne, ndani ya gunia la omena,
katikati ya redieta mbili na bomba la choo.
Kijana aliyeileta hakutaka maswali, alitaka bei.
Nikaiweka juu ya mizani: kilo kumi na saba na robo.
Shaba. Haina kutu. Ulimi wake wa asili haupo;
mahali pake boliti ya reli, imefungwa kwa waya.

Nikaitikisa mara moja tu.

Mikono ikajua kabla ya kichwa.
Miaka miwili nilikuwa kiranja wa kengele, Msingi ya Nyakongo,
na sauti hii, yenye ufa mdogo mwishoni
kama mtu anayezuia kikohozi mbele ya wakwe,
ndiyo iliyotutoa mtoni, watoto mia tatu.

Mwalimu Adhoch alitueleza ilikotoka:
meli ya vita, ndiyo, ya vita, humu humu ziwani,
iliyoletwa kwa garimoshi vipande vipande kama baiskeli,
ikaungwa Kisumu, ikapewa mizinga miwili,
ikaenda kuwatafuta Wajerumani upande wa Mwanza.
Kila nusu saa, kengele. Zamu ikiisha, mapigo manane,
iwe saa mbili, iwe sita, iwe kumi.
"Wale watu," alisema, "hata saa waliipigia saluti."
Vita vikaisha. Ikabeba pamba,
ikabeba ng'ombe, ikabeba barua, ikachoka.
Ikakatwa. Misheni wakaiomba kengele.

Hakumtaja aliyekoka moto kule chini.
Huyo nilimjua kwa kidole:
ndani, karibu na ukingo, mtu alikwaruza kwa msumari

RADING' KUNI

bila mwaka, bila cheo.
Chini yake sisi viranja tukaongeza yetu:
Apondi 1979. Wesonga 1983. Langu limepinda.

Alhamisi akaja mnunuzi na kioo cha kukuzia.
Akauliza meli. Akauliza mizinga. Kila jibu likapandisha bei.
Nikamwambia kuhusu uji wa saa nne,
na siku ile Mwalimu alipozikwa,
tulivyoipiga hadi kiganja cha Wesonga kikatoka lengelenge.
Bei haikusogea hata shilingi.
Akapapasa ndani. "Hii mikwaruzo," akasema,
"itatoka na msasa laini."

Nilimuuzia. Karo ya muhula wa pili haisikilizi hadithi.
Akahesabu noti, nikaandika risiti:
kengele moja ya meli, shaba, bila ulimi.

Boliti nilikuwa nimeitoa Jumatano usiku, kwa koleo.
Imo mfukoni. Inagongana na funguo
nikipanda kuelekea Kondele,
ovyo ovyo, bila zamu ya mtu yeyote.