Pete ya Funguo

Baba alikuwa na funguo tano:
wa lori, wa ghala la viazi, wa kanisa,
wa nyumba ambayo hatukuifunga kamwe,
na wa tano sikuwahi kujua ni wa nini.
Katikati yake ilining'inia chupa ya chuma,
ndogo kama risasi,
ndani mna mafuta ya zeituni yaliyoombewa.
Ilimgonga pajani akitembea.
Kwa mlio huo tulijua anakuja.

Idaho, ng'ambo ya Mto Nyoka,
upepo hauna haya, unaingia bila hodi.
Saa kumi alfajiri yuko shambani
akihamisha mabomba ya maji, buti zimejaa tope,
akitaja majina yetu kama mtu anayehesabu magunia:
Thayne. Janeal. Merrill. LaRue.
Kisha Arvella, jina la mama.
Hilo alilitaja mara mbili.

Jumapili ya kwanza ya mwezi hatukula.
Thamani ya chakula tulichojinyima
ilitiwa katika bahasha ya wajane.
Zaka aliitoa kabla ya deni la trekta.
Mwaka ule jalidi ilipounguza viazi
alikaa mezani na penseli,
akaigawa hasara kwa kumi,
akacheka peke yake,
kisha akaandika hundi ya maziwa ya ng'ombe wawili.

Jumatatu jioni televisheni ilizimwa.
Aya, wimbo, keki ya karoti.
Baba aliimba kama anayeburuta meza
na hakuna aliyethubutu kumcheka, ila mama.

Chini ya nyumba, ndoo arobaini na moja za ngano,
kila moja na tarehe yake kwa wino mzito:
akiba ya siku mbaya.
Siku mbaya zilikuja. Hazikutaka ngano.

Februari, usiku, simu ililia.
Mtoto wa akina Ostergaard, homa ya uti wa mgongo.
Baba alivaa shati jeupe gizani,
akafunga tai kwa kupapasa, akachukua funguo.
Saa tisa lori likarudi, taa zikazimika,
naye hakutoka.
Nilikuwa dirishani. Theluji ilikifunika kioo
mpaka sikumwona tena.
Saa kumi mlango wa lori ukalia,
akaenda kuwalisha ng'ombe, tai ingali shingoni.
Hakusema alimwambia nini Mungu mle ndani,
wala kama alijibiwa.
Jumapili iliyofuata aliijaza chupa tena.

Mimi niliondoka. Hakukuwa na ugomvi.
Imani ilinitoka kama glavu inavyopotea:
unatazama mkono, haipo, hujui ni mtaa gani.
Nilimwandikia kurasa tatu kutoka Seattle,
yeye aliyeamini tumetiwa muhuri, sote sita,
hata ng'ambo ya kaburi,
na kwamba kiti changu kikibaki wazi
atakitazama milele.
Alijibu mistari miwili:
Barua imefika. Viazi vimetoka vizuri.
Chumba chako hakijaguswa.

Mama alipokwisha kuzikwa, alikuja kwangu wiki moja.
Aliiona mashine ya kahawa, akaipita
kama unavyompita mlevi aliyelala njiani,
kwa adabu.
Miaka themanini na moja, tone halijagusa ulimi wake.

Siku ya tatu niliamshwa na harufu.
Alikuwa jikoni, shati jeupe, kijiko mkononi,
akipima kama dawa ya ndama.
Mashine hakuigusa; alichemsha kwenye sufuria.
Chenga zilielea juu.
"Sijui kama ndivyo," alisema.
"Nimefuata maandishi ya pakiti, lakini miwani nimeisahau."

Ilikuwa chungu, ya vuguvugu, kama maji ya mtaro.
Niliinywa yote, na chenga zake.
Yeye alikunywa maji ya moto na asali,
akaniuliza kama gari langu lina mafuta,
kama tairi la nyuma bado linapungua upepo.
Kisha akainama kutafuta buti zake
na chupa ikagonga mguu wa kiti.