Inchi Mbili Kushoto

Tulianza na rimu. Nkwabi alisema
tela lisilovaa kiatu cha gari lake
litakuaibisha njiani.
Basi tukatafuta tairi za namba moja,
matundu matano kwa kila rimu,
stepini moja ya wote wawili,
nami nikalipa kwa kiinua mgongo
huku Holo akihesabu kimya, kwa vidole,
mabati ya paa ambayo hatukununua.

Landrova yenyewe ni ya mnada.
Ilizeekea kazini, ikibeba chanjo za ng'ombe
kutoka Misungwi hadi Kwimba, mimi usukani.
Idara ilipoiuza nikaichukua;
mtu hamwachii mgeni
goti lake.

Gereji ni uani kwa Nkwabi, Nyakato,
nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.
Pumba hutua kwenye rangi mbichi.
Umeme ukikatika tunakaa juu ya chesesi, tunamenya karanga;
ukirudi, anashusha miwani kabla hajameza.
Springi ni za Kanta. Tumetoa majani mawili
kwa kuwa tela tupu lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa.
Sanduku la jiko ni kuta za chumba baridi
cha kiwanda cha samaki kilichofungwa.
Tumezisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga,
na jua likiwaka bado zinanuka sangara.
"Angalau mboga tunayo," Holo akasema.
Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kheri
tangu rimu.

Mama mkwe alipita na mwavuli wake.
"Mna nyumba. Ina mlango, ina kitasa.
Mnakwenda kulala nje, mnamkimbia nani?"
Sikuwa na jibu. Nikampa pimamaji ashike.
Alikitazama kile kiputo muda mrefu,
kama mtu anayesubiri kianze kusema.

Siku ya kujaribu tuliingia tope jeusi, mbele ya Kisesa,
mvua ikiwa imenyesha usiku kucha.
Nikashuka kutazama nyuma.
Mistari minne!
Gari limechimba njia yake, tela limechimba yake,
mtu na mwenziwe walionuniana.
Tukapima tela: sawa. Tukapima tena: sawa.
Ndipo Nkwabi akalala chali chini ya Landrova
na kukaa huko, kimya, mpaka nikaona aibu.

Ekseli ya nyuma imehama. Inchi mbili, kushoto.

Nikaujua usiku wenyewe.
Karavati la Simiyu, taa moja imeungua,
chanjo zinayeyuka barafu, nami nina haraka.
Kwenye fomu niliandika: *hakuna madhara*.
Miaka ishirini na mbili nimeendesha kwa ubavu
na mkono wangu wa kulia ukajifunza kurudisha,
kidogo, kidogo, bila kuniambia.

"Mimi nilijua," Holo alisema.
"Nikikuona dirishani unavyoingia uani,
mbavu mbele, uso nyuma.
Nilidhani ndivyo unavyopenda."

Nkwabi akajifuta mikono.
"Kunyoosha gari ni milioni kadhaa.
Kupinda tela ni siku moja."
Akawasha grenda. Akakata alichounga kwa wiki tatu,
akasukuma ekseli inchi mbili kushoto, akachomelea upya,
huku akitukana kwa Kisukuma, taratibu,
kama anayesali.

Tulilala Kayenze, kati ya mawe
yaliyokuwa bado na joto la mchana.
Hema juu ya tela, turubai ubavuni,
sangara wetu wa kiwandani akitukumbusha yupo.
Sikupata usingizi. Holo alikoroma.

Alfajiri nilimwona amerudi njiani peke yake,
khanga imekunjwa magotini,
ameinama juu ya tope kama anayetafuta sindano.
Akaweka mguu mmoja kwenye mstari wa kulia,
akaupeleka mwingine, kwa shida, wa kushoto.
Akasimama hivyo, ametanua, ziwa nyuma yake.

"Ni miwili tu!" akapiga kelele.

Kisha akauliza choo tumekiweka wapi.